Damu ya babu wa Norwe: milango minne ya imani ya Odin na Thor

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo anayeishi Minneapolis, alinitumia picha ya majibu ya kipimo cha vinasaba. Robo ya duara ilikuwa ya samawati, na chini yake pameandikwa Norwe. Hilo halikuhitaji mtu kutema mate kwenye kichupa. Babu mzaa baba zetu alikuja Kibaha miaka ya 1960, wakati nchi za Nordiki zilipojenga kile kituo cha elimu kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, akaoa huku huku Pwani, na kwao akawa anakwenda kwa likizo tu. Ujumbe uliofuata picha ndio ulioniketisha: "Dada, nataka kufuata dini ya wahenga wa babu. Odin, Thor, miungu wale wa kale. Naanzia wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba babu alikuwa Mlutheri, na baba yake Mlutheri, na kabla ya Walutheri walikuwa Wakatoliki. Mfalme Olaf Haraldsson aliuawa vitani Stiklestad mwaka 1030, na kufikia hapo Ukristo ulikuwa umeshaishika Norwe. Ukikadiria miaka thelathini kwa kila kizazi, unarudi nyuma vizazi zaidi ya thelathini ndipo umkute mhenga aliyemchinjia Thor. Kwetu mtu anatambika kwa sababu alimwona bibi yake akitambika. Kule mnyororo ulikatika. Anayemwomba Odin leo, awe mzaliwa wa Trondheim au chotara wa Kibaha, ameanza kwa kusoma. Hakuna aliyekabidhiwa kibuyu na babu yake.

Hilo halimfungii mtu njia, ila linabadilisha namna ya kuchagua. Wengi wanaovutwa na damu hudhani kuna nyumba moja ya ukoo inayowasubiri, wakifika wabishe hodi. Nyumba ziko kadhaa, na baadhi yake hazisalimiani.

Neno moja kabla hatujaendelea. Kwa Kiswahili "mpagani" ni karibu na tusi. Wenyewe hulibeba jina hilo bila haya, na wengi hujiita watu wa Asatru, yaani wenye uaminifu kwa Æsir, ile jamaa ya miungu ya Odin. Wengine husema "desturi ya kale". Nitatumia Asatru kwa wepesi.

Nimepima kwa nini

Kila mlango nimeupima kwa mambo matano yale yale: nani anaruhusiwa kuingia, nasaba ina uzito gani, ibada inaendaje, muda na mfuko vinaliwa kiasi gani, na unamfaa mtu wa namna gani. Suala la nyumbani, yaani mama atasema nini, nimeliweka mwishoni kwa sababu linagusa milango yote.

Ibada mbili utazikuta karibu kila mahali, kwa hiyo nizieleze mara moja. *Blót* zamani ilikuwa kuchinja: damu ikanyunyizwa, nyama ikapikwa, watu wakala pamoja. Leo kwa vikundi vingi ni kinywaji na chakula, kiasi kikimwagwa ardhini au kwenye moto, na maneno ya shukrani. *Sumbel* ni pembe ya ng'ombe inayozungushwa kwenye duara, mara nyingi mizunguko mitatu: wa kwanza kwa miungu, wa pili kwa wahenga au mashujaa, wa tatu kila mtu aseme alichofanya au aape atakachofanya. Kiapo cha kwenye pembe hakichezewi. Kilichomo ni pombe ya asali, na aliyewahi kuonja wanzuki hatakuwa mgeni nayo. Asiyekunywa pombe hupewa sharubati, na sijaona popote mtu akilazimishwa.

Mlango wa kwanza: vyama vilivyosajiliwa Skandinavia na Iceland

Iceland ndiyo iliyotangulia. Ásatrúarfélagið kilianzishwa siku ya kwanza ya kiangazi ya kalenda yao, Aprili 1972, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mshairi mwenye ndevu hadi kifuani. Walipopeleka maombi yao kwa waziri, radi ilipiga Reykjavík na taa za katikati ya mji zikazimika, na magazeti hayakukosa la kutania. Usajili ulipatikana 1973. Tangu 2003 mkuu wao ni Hilmar Örn Hilmarsson, mtunzi wa muziki wa filamu, na wanachama wamepita 5,000 katika nchi yenye watu wasiofika laki nne. Denmark kuna Forn Siðr, kilichoanza 1997 na kutambuliwa na serikali 2003. Norwe kuna Bifrost, cha 1996. Uswidi kuna Samfundet Forn Sed, kilichoanza kwa jina jingine mwaka 1994.

Nani anaingia: kwenye ibada kubwa za wazi, mgeni anakaribishwa. Uanachama ni jambo jingine. Iceland unapitia daftari la taifa, kwa hiyo lazima uwe mkazi. Aliye Dodoma au Dallas atabaki kuwa mgeni, hata akipendwa vipi.

Nasaba: haiulizwi. Hapa ndipo wenzetu wengi hushangaa, maana walitarajia wenye nchi ndio wawe wakali wa damu. Kumbe anayetembea juu ya makaburi ya wahenga wake kila siku hana haja ya kuthibitisha kitu. Uzito wao uko kwenye ardhi yenyewe na mizimu yake, *landvættir*. Sheria ya kale ya Iceland iliwataka mabaharia washushe vichwa vya joka kwenye merikebu kabla hawajaona nchi kavu, ili mizimu ya mahali isitishike. Mtu wa Pwani hahitaji kueleweshwa jambo hili mara mbili.

Ibada: mimi naishi Denmark, na niliwahi kualikwa na jirani. Ilikuwa Oktoba, mvua ya rasharasha, watu kama ishirini kwenye uwazi wa msitu, makoti ya mvua ya kawaida kabisa, watoto wanachokonoa moto kwa vijiti. Hakuna aliyevaa kofia ya pembe, na Waviking wenyewe hawakuzivaa. Pembe ilipofika kwangu niliinywa kama glasi. Kosa kubwa. Ukiinua ncha juu, hewa huingia kwa kishindo na kinywaji kinakurukia, na mtandio wangu ulinuka asali wiki nzima. Yule bwana wa kushoto kwangu alikuwa amemshukuru marehemu baba yake kwa kumfundisha useremala. Zamu yangu Kideni kikanitoka chote kichwani, nikasema, "Babu, shikamoo." Wakaitikia kama walivyowaitikia wengine, pembe ikasonga mbele.

Muda na mfuko: fedha ni kidogo. Iceland na Norwe serikali hutoa ruzuku kwa jumuiya za imani kulingana na idadi ya wanachama. Gharama halisi ni lugha. Mashairi yanasomwa kwa Kiaisilandi, Kideni au Kinorwe, na mazungumzo ya baada ya chakula, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nusu ya ibada, hayana mkalimani.

Anayefaa: anayeishi huko, au anayesafiri huko mara kwa mara na yuko tayari kujifunza lugha. Atakayekuja kutafuta mafundisho yaliyonyooka, amri kumi na katekisimu, ataondoka mikono mitupu. Hawana.

Mlango wa pili: vyama vilivyo wazi kwa wote, hasa Marekani

Kikubwa kinachojulikana ni The Troth, kilichoanzishwa 1987.

Nani anaingia: yeyote, rangi yoyote, jinsia yoyote, kutoka nchi yoyote. Mwaka 2016 vikundi vingi vya namna hii vilitia saini Tamko la 127, wakajitenga hadharani na wale wanaozuia watu kwa rangi. Namba hiyo inatoka ubeti wa 127 wa Hávamál, shairi la hekima za Odin, unaosema ukiuona uovu uuite uovu.

Nasaba: ni sababu nzuri ya kuja, ila haikupi cheo. Wahenga wanaheshimiwa sana, na "wahenga" hapa ni wote ulio nao. Nimesoma simulizi za watu wenye damu mchanganyiko wanaoweka picha za bibi wa pande zote kwenye meza moja. Kwa mtu kama mdogo wangu hilo si jambo dogo. Hatakiwi kumkata bibi yake Mzaramo ili ampate babu yake wa Norwe.

Ibada: imepangika zaidi kuliko Skandinavia. Kuna mafunzo ya makasisi, kuna mkutano wa kila mwaka, kuna vikundi vidogo vya nyumbani, watu wachache walioapiana kuwa kama ndugu. Uhai wote uko kwenye hivyo vikundi vidogo, na humo ndimo ugomvi unamozaliwa. Kikundi cha watu wanane kikivunjika kwa sababu ya talaka ya wawili, imani ya wengine sita hubaki njiani.

Muda na mfuko: ada ya mwaka, safari, na kusoma kwingi. Wamarekani kwenye dini hii ni wasomaji kweli kweli. Utasikia mtu akibishana kuhusu silabi moja ya Kinorse cha kale, lugha ya Waviking, kana kwamba anagombea shamba.

Anayefaa: aliye Marekani, Uingereza au popote asiposikia Kideni wala Kinorwe, anayetaka mwongozo na watu wa kuwauliza, na ambaye rangi yake ingekuwa kikwazo kwingine.

Mlango wa tatu: vikundi vya damu

Nitausema mlango huu kwa vipimo vile vile, maana ndio unaomwita kwa sauti kubwa zaidi mtu anayetafuta "dini ya wahenga" mtandaoni.

Nani anaingia: wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kwa maelezo yao wenyewe. Asatru Folk Assembly ya Marekani, iliyoanzishwa na Stephen McNallen, ndiyo maarufu. Hoja yao ni kwamba kila watu wana miungu yao, na asiye wa damu hiyo afuate ya kwao. Southern Poverty Law Center, shirika la Marekani linalofuatilia makundi ya chuki, linaiorodhesha kama mojawapo. Mwaka 2020 walinunua kanisa la zamani la Kilutheri kwenye mji mdogo wa Murdock, Minnesota. Halmashauri iliwapa kibali kwa kuhofia sheria ya uhuru wa dini, huku malalamiko yakiwa makubwa. Ni mwendo wa kama saa mbili kutoka anapoishi mdogo wangu.

Nasaba: ni kila kitu. Na hapa lazima niingize neno langu, kwa sababu vyanzo vyenyewe havikubaliani nao. Mama yake Odin ni Bestla, wa ukoo wa majitu, maadui wa miungu. Njord na wanawe Freyr na Freyja walitoka kabila jingine la miungu, wakaja baada ya vita kama dhamana ya amani. Na kuna kisa cha Geirmundur Heljarskinn. Mfalme Hjör wa Norwe alioa mwanamke kutoka Bjarmaland, mbali mashariki. Mfalme akiwa safarini, malkia akajifungua mapacha weusi wa ngozi, akawaona wabaya, akawabadilisha na mtoto mweupe wa mjakazi. Miaka ikapita. Siku moja mshairi Bragi aliwatazama watoto ukumbini: yule mweupe ameketi kwenye kiti cha heshima akichezea pete ya dhahabu, mapacha wako kwenye majani sakafuni. Mapacha wakainuka, wakamsukuma, wakamnyang'anya pete. Mtoto akalia. Bragi akamwambia malkia kwamba hawa wawili ndio wana wa mfalme. Geirmundur alikuja kuhamia Iceland, na kitabu cha walowezi wa kwanza kinamhesabu miongoni mwa waungwana wakubwa kabisa waliofika huko.

Vinasaba navyo vimesema. Mwaka 2020 watafiti walichapisha uchunguzi wa mabaki 442 ya watu wa enzi za Waviking, wakakuta mchanganyiko mwingi, na watu waliozikwa kwa heshima za Kiviking bila kuwa na damu ya Skandinavia.

Ibada: kwa sura haitofautiani sana, blót na sumbel. Watakaoingia watapata kitu ambacho milango mingine mara nyingi haina: majengo, ratiba ya kudumu, mkazo kwa familia na watoto, na majibu yasiyo na "labda".

Muda na mfuko: michango ni ya kawaida ya kanisa lolote dogo. Gharama nyingine ni jina lako. Atakayejulikana kuwa mwanachama atafungiwa na karibu vikundi vyote vya mlango wa pili.

Anayefaa: anayeamini kwa dhati kwamba dini hurithiwa kwa damu, ambaye damu yenyewe wanaikubali, na yuko tayari kubeba yaliyobaki. Kwa msomaji mwenye bibi wa Kiafrika, mlango huu umefungwa kwa ndani, hata kipimo kiseme robo.

Mlango wa nne: peke yako

Nani anaingia: hakuna bawabu.

Nasaba: unaipa uzito unaotaka, na hapa ndipo inapoweza kuwa na maana ya kweli kuliko kwingine kote. Badala ya kumtafuta mhenga wa mwaka 900 usiyemjua jina, unaanza na unaowajua. Nyaraka za taifa za Norwe zimeweka vitabu vya kanisa kwenye Digitalarkivet, bure: ubatizo, ndoa, maziko, jina la shamba. Ukishapata shamba, umepata ukoo, maana Wanorwe wengi walibeba jina la shamba. Halafu uliza walifanya nini, hao Walutheri. Mkesha wa Krismasi waliweka bakuli la uji mzito wenye siagi juu kwa ajili ya *nisse*, mzee mdogo anayelinda zizi. Siagi ikisahaulika, anakasirika. Huo ndio urithi uliopita mkono kwa mkono, na hauko kwenye hadithi yoyote ya Thor.

Ibada: meza, mshumaa, kikombe cha maziwa au bia inayomwagwa mzizini mwa mti. Usomaji ndio unabeba mzigo. Kuna Edda ya mashairi, mkusanyo wa mashairi ya kale ya miungu na mashujaa, ambayo hati yake kuu iliandikwa Iceland miaka ya 1270, ikakaa Denmark karne tatu, ikarudishwa kwa meli Aprili 1971. Na kuna Edda ya Snorri Sturluson, ya miaka ya 1220. Kumbuka Snorri alikuwa Mkristo akiandika zaidi ya miaka mia mbili baada ya Iceland kubatizwa. Msome kama unavyomsoma mmisionari aliyeandika mila za kwetu: ana mengi ya thamani, na ana miwani yake usoni. Mimi ningeanza na Hávamál, kwa sababu mwanzoni tu linaeleza mgeni aliyetoka mlimani na magoti yenye baridi apewe moto, chakula, nguo kavu, maji na taulo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Muda na mfuko: vitabu viwili na mtandao. Hatari yake ni upweke na mitego. Ukiwa peke yako mtandaoni, hujui nani anakufundisha. Nyundo ya Thor ni alama ya kawaida, na tangu 2013 inaruhusiwa kwenye makaburi ya wanajeshi wa Marekani. Jua jeusi lenye miali iliyopinda ni habari nyingine: liliwekwa kama pambo sakafuni kwenye ngome ya SS, kikosi cha Wanazi kilichoongozwa na Himmler, na hakuna babu wa Kiviking aliyelijua. Rune ya *othala*, herufi ya zamani ya watu wa kaskazini, ni ya kale kweli, ila Wanazi waliitumia pia, basi usiichore mwilini kabla hujaelewa mtaani inasomwaje.

Anayefaa: mwenye haya, aliye mbali na vikundi, asiye na hakika, au mwenye familia isiyotakiwa kuvurugwa mapema.

Mama atasema nini

Tuseme wazi. Kwa Mwislamu, kumtolea Odin kinywaji ni shirki, na hakuna tafsiri ya kuilainisha. Kwa Mlokole ni kuabudu sanamu. Ukiwa kwenye nyumba ya namna hiyo, si haki kuleta pembe mezani ukiita ni "utamaduni tu" wakati moyoni umeshahama. Lakini kama ni kweli unachotafuta ni utamaduni, njia ipo na haihitaji ibada. Nenda Roskilde ukaone merikebu tano zilizotolewa chini ya maji mwaka 1962, jifunze Kinorse cha kale, fuatilia shamba la babu. Iceland yenyewe ilipokubali Ukristo karibu mwaka 1000, Thorgeir, msema sheria aliyekuwa bado mpagani, alilala chini ya joho lake mchana na usiku akifikiri, kisha akaamua wote wabatizwe ila anayetambika faraghani aachwe kwa muda. Familia nyingi zimeishi kwa hukumu kama hiyo bila kuitangaza.

Kwa hali yako

Unaishi Copenhagen, Oslo, Stockholm au Reykjavík: hudhuria ibada moja ya wazi kabla hujasoma kitabu cha pili. Vaa viatu vya mvua. Pembe uielekeze ncha chini.

Uko Marekani au Uingereza na ngozi yako si nyeupe: uliza kikundi swali moja kwa maandishi, kama walitia saini Tamko la 127 au kama wana msimamo wa namna hiyo. Wakijibu kwa mzunguko, umeshajibiwa.

Uko Nairobi au Dar na hakuna kikundi cha karibu: mlango wa nne, pamoja na uanachama wa mbali wa mlango wa pili ukitaka wa kumuuliza.

Unavutwa na vikundi vya damu kwa sababu wanaonekana wana uhakika: waombe wakueleze habari za Bestla na Geirmundur, kisha usikilize wanavyojibu.

Hujui kama unaamini au una hamu tu: usile kiapo chochote kwenye pembe mwaka mzima. Anza na vitabu vya kanisa na jina la shamba.

Mdogo wangu alichagua la mwisho hilo. Wiki tatu baadaye alinitumia ukurasa wa kitabu cha ubatizo, wino umefifia, jina la babu wa babu likiwa mstari wa nne, na la shamba pembeni. Mkesha wa Krismasi akapiga simu kuuliza kama siagi ya kopo inakubalika.